Koboko ni mji mchanga, lakini nao una ya kale

Hivi majuzi, kiasi cha saa mbili asubuhi, nilikuwa natembea kwa miguu katika barabara kuu ya Koboko nikielekea yanakosimama magari ya Oraba. Nikakuta vijana watano wamepanda juu ya duka moja la zamani. Mabati walikwishayavua na kuyapanga chini. Walikuwa na nyundo, sururu na mtaimbo, na ukuta wa mbele pamoja na baraza yake ulikuwa umekwishalala. Nikasimama kutazama. Mmoja wao akaniambia kwa adabu, "Mzee, sogea kidogo, vumbi litakuchafua." Nikamuuliza jengo lile wanalibomolea nini. Akacheka. "Mzee, hii ni takataka tu. Ina nyufa, haina choo, haina hata mlango wa maana. Hapa inapanda ghorofa ya vioo."

Sikubishana naye. Kijana yule ana haki ya kula jasho lake, na mwenye kiwanja ana haki ya kujenga. Lakini nilifika Oraba, nikafunga mzigo wangu, nikarudi jioni, na neno lile "takataka" lilikuwa bado linanikereketa. Maana kona ya baraza ya duka lile ndiyo iliyokuwa ushahidi wa mwisho wa mjomba wangu.

Naomba nieleze ili wasomaji mnielewe. Mjomba alikimbia Koboko mwezi Oktoba 1980, akakaa Ariwara upande wa Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, kwa miaka mingi. Baba yake, yaani babu yangu, alikuwa na kiwanja nyuma ya duka hilo. Hakuwa na hati, na ni nani aliyekuwa na hati siku zile? Alichokuwa nacho ni maneno aliyowaachia wanawe: kutoka kona ya baraza ya duka, hatua arobaini kuelekea machweo, mpaka shina la mwembe. Mjomba aliporudi alikuta nyumba imekuwa kichaka, lakini kona ipo na mwembe upo. Akahesabu hatua, akajenga upya.

Miaka ikapita. Mwembe ukakatwa, ukachomwa makaa. Sasa na kona imeondoka. Jirani yake, ambaye naye ni mrejeaji, yeye alitokea Yei, anasema mpaka haukupita pale mjomba anapodai. Mimi nawafahamu wote wawili na nina hakika hakuna kati yao aliye mwongo. Wakaenda mbele ya mwenyekiti wa LC. Mwenyekiti akaja na futi kamba yake, akawasikiliza, kisha akauliza swali moja ambalo liliwanyamazisha wote: "Nianzie kupima wapi?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Watu wengi wakisikia habari za majengo ya kale, mawazo yao huenda pwani. Hufikiria magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Hufikiria Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Hufikiria Mji Mkongwe wa Unguja na milango yake ya nakshi. Kisha hujitazama na kusema: sisi Koboko tuna nini? Wilaya yetu yenyewe ilizaliwa mwaka 2005 ilipokatwa kutoka Arua. Manispaa ilianza baadaye zaidi. Mji ambao hata watoto wa shule ya msingi wanakumbuka ulipopandishwa hadhi, utakuwa na ya kale gani?

Fikra hiyo si sahihi, na sina haja ya kwenda mbali kuonyesha kosa lake. Wafanyabiashara wenzangu wanaofuata mzigo Dar es Salaam wanalijua jiji lile. Wanaijua Kariakoo na vichochoro vyake kuliko wanavyoijua Gulu. Lakini ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba Dar es Salaam nayo, kwa umri wa miji ya pwani, ni mtoto?

Wakati Kilwa inatawala biashara ya dhahabu, Dar es Salaam haikuwapo. Fort Jesus ilipofikisha miaka 250, Dar es Salaam bado haikuwapo. Palikuwa na kijiji cha wavuvi kilichoitwa Mzizima. Ni katika miaka ya 1860 ndipo Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoamua kujenga mji mpya kando ya bandari ile tulivu. Majid akafa mwaka 1870 kabla kazi haijakamilika, na nduguye Barghash aliyemrithi hakuwa na shauku na mradi ule. Nyumba nyingi zilizoanzishwa zikaachwa zikaharibika. Wajerumani ndio waliokuja kuufufua mji, na mwaka 1891 wakahamishia hapo makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo.

Basi jiji lile kubwa, lenye mamilioni ya watu, lina miaka 160 na kitu tu. Hata hivyo ukienda ufukweni, mbele ya bandari, utaliona jengo linaloitwa Boma la Kale, lililobaki tangu siku za Majid. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Si kubwa. Limebanwa na majengo marefu mpaka mgeni anaweza kulipita bila kuliona. Lakini halikubomolewa. Lilikarabatiwa, na limepewa kazi ya kuwaeleza wageni na wenyeji historia ya majengo ya jiji.

Si kwamba Dar es Salaam imetunza kila kitu. Hoteli ya Wajerumani iliyoitwa Kaiserhof, ambayo baadaye ikaitwa New Africa, ilibomolewa, na jina ndilo lililobaki juu ya jengo jingine. Nyumba nyingi za Kiswahili za Kariakoo, zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na baraza mbele, zimeondoka na mahali pake pamepanda maghorofa. Wenyeji wa zamani wa mitaa ile huwaonyesha wajukuu wao kwa kidole: hapa palikuwa pa fulani. Wajukuu hutazama vioo, hawaoni kitu.

Lakini nataka tulitazame soko lenyewe la Kariakoo, ambalo linatuhusu sisi wachuuzi. Jina la mtaa ule limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, watu waliobebeshwa mizigo ya vita na wengi wao hawakurudi makwao. Jengo la soko lilichorwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake limeundwa kama miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa, inayokinga jua na kukusanya maji ya mvua. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko hilo liliungua. Wakati huo lilikuwa halijatimiza hata miaka 50. Kama thamani ya jengo ingepimwa kwa umri tu, lingesombwa likatupwa. Badala yake lilikarabatiwa, miavuli yake ikabaki. Kwa nini? Kwa sababu watu walijua ni la nani, lilichorwa na nani, na lina maana gani kwao. Michoro ilikuwapo. Picha zilikuwapo. Mtu akitaka kulirudisha alikuwa na pa kuanzia kupima.

Huo ndio mfano wa karibu zaidi na sisi. Jengo huanza kuwa la kale siku ile watu wanapoanza kulitumia kukumbukia mambo yao. Haliwi la kale siku linapotimiza miaka mia tano.

Sasa turudi nyumbani, West Nile. Je, ni kweli kwamba hatuna historia? Nadhani tatizo letu ni kwamba tumeipata nyingi mno kwa muda mfupi. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Ikwatoria, mkoa uliotawaliwa na Emin Pasha kwa niaba ya Misri kuanzia mwaka 1878. Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Ubelgiji nchi iliyokuja kuitwa Lado. Leopold alikufa Desemba 1909, na mwaka uliofuata Lado ikapelekwa Sudan. Mwaka 1914 upande wa kusini ukahamishiwa Uganda, na mwaka huohuo mkuu wa wilaya wa kwanza, Mwingereza A. E. Weatherhead, akaanzisha makao yake Arua. Mkongwe aliyezaliwa wakati wa Emin, kama aliishi kuiona 1914, alitawaliwa na Misri, Leopold, Sudan na Uganda, wala hakuhama kwake.

Ndiyo maana mpaka leo pale Salia Musala, zinapokutana Uganda, Kongo na Sudan Kusini, utamkuta mtu ana dada Morobo, shangazi Aru na duka Koboko, na wote ni ukoo mmoja. Mipaka ilikuja ikatukuta.

Na majengo? Dufile, wilayani Moyo, kando ya mto Nile, yapo mabaki ya ngome ya wakati wa Gordon na Emin. Ukifika leo usitegemee kuona mnara wala mzinga wa shaba. Utaona tuta la udongo na handaki. Mpita njia angesema ni takataka. Lakini katika miaka ya 2000 mtaalamu wa mambo ya kale, Merrick Posnansky, aliongoza wenzake kupachimba na kupapima, kwa sababu tuta lile linaeleza jinsi askari wa Emin walivyoishi na jinsi walivyopigana na Wamahdi mwaka 1888. Wengi wa askari wale na jamaa zao ndio waliokuja kuitwa Wanubi, na wajukuu zao wapo Arua, Bombo, na hata Kibera kule Nairobi. Tuta la udongo limebeba habari za watu wa nchi tatu.

Koboko yetu haina ngome. Ina vitu vya kawaida zaidi, na kwa sababu ni vya kawaida tunavidharau. Ina nyumba za msonge za udongo na nyasi, ambazo zamani zilifika karibu na barabara na sasa unazikuta pembeni mwa mji. Ina nyumba za matofali ya kuchoma za mafundi wa misheni na za wanafunzi wao. Ina misikiti iliyoanza kama kibanda na kupanuliwa kila baada ya vurugu. Ina maduka marefu ya mabati yenye baraza mbele na stoo nyuma, namna iliyoenea katika miji yote ya Uganda pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kiarabu, mpaka Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972. Ina makaburi ndani ya miji ya watu, ina visima, ina miembe.

Hapa ndipo inapobidi kulisema jambo ambalo wengi hawapendi kulisema. Wapo wanaodai kwamba historia ya Koboko ni historia ya Amin, na kwa hiyo afadhali isahauliwe. Nawaelewa. Lakini kutunza kumbukumbu si kumpamba mtu. Kusahau hakumwadhibu Amin, aliyekufa Jeddah mwaka 2003. Kunawaadhibu waliolipishwa kwa niaba yake.

Baada ya serikali yake kuangushwa Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa nao yalisonga mbele mpaka yakafika mpaka wa Sudan mwanzoni mwa Juni. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba, wapiganaji wengi wao wakiwa askari wa zamani walivuka mpaka wakashambulia Koboko na Arua. Jeshi la serikali ya Uganda liliporudi lililipiza kisasi kwa raia. Watu waliuawa, maduka yakaporwa, nyumba zikachomwa, na wilaya nzima ikamiminika Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981, katika misheni ya Ombaci karibu na Arua, askari waliwaua raia waliokuwa wamekimbilia hapo kutafuta usalama. Ombaci wamejenga kumbukumbu ya watu wao. Nawapongeza. Koboko, mahali moto ulipoanzia, tuna nini cha kuonyesha?

Mimi mwenyewe nilikuwa na miaka saba. Ninachokumbuka ni ghala yetu ya mtama ikiwaka na mama akinivuta mkono. Tulirudi mwaka 1987. Njia ilikuwa majani matupu, na mimi nilikuwa nimesahau kila kitu, hata lugha ya mchezo wa watoto wa hapa. Kisha mama akasimama, akaweka chini mzigo wa kichwani, akasema, "Tumefika. Ile ni baraza ya duka." Hakusema ile ni Koboko. Mji haukuwapo. Ilikuwapo baraza, nyeusi kwa moshi, haina paa, na kwa baraza ile mama alijua kwamba yuko kwao.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, kila ukuta wa Koboko uliojengwa kabla ya 1980 na ukasimama mpaka leo umepita katika moto. Umepita pia katika mashaka ya miaka ya 1990, wakati barabara ya Arua haikupitika kwa amani. Umewaona watu wakirudi mara ya kwanza, na ya pili. Umewapokea ndugu zetu wa Sudan Kusini walipokimbia vita ya Desemba 2013 na ile ya Julai 2016, baraza zilezile zikawa malazi yao ya usiku wa kwanza. Vita haikuuangusha. Tutauangusha sisi wenyewe, wakati wa amani, kwa nyundo ya kibarua wa siku?

Najua yapo majibu. La kwanza ni la mwenye kiwanja. Atasema: historia hailipi karo. Tangu barabara ya lami ya Vurra, Arua, Koboko mpaka Oraba ilipokamilika, viwanja vya barabarani vimepanda bei. Duka la vyumba viwili haliwezi kuleta kodi sawa na ghorofa. Ni kweli, na mimi ni mfanyabiashara, siwezi kumlaumu mtu kwa kutaka faida. Wala simwambii asijenge.

Lakini hata katika faida tupige hesabu vizuri. Tuichukue baraza. Wale mafundi wa zamani hawakuiweka baraza kwa urembo. Mji huu una jua kali na mvua za ghafla. Baraza ilimweka mteja kivulini akichagua kitenge. Ilimpa mama wa karanga mahali pa kutandika gunia lake, na mwenye duka akapata wateja wa mama huyo. Mpagazi alipumzikia hapo. Mvua ikinyesha, aliyekimbilia hapo hakuondoka bila kununua hata kiberiti. Jioni wazee walikaa hapo wakamaliza ugomvi. Ndiyo maana katika Kiswahili neno baraza ni mahali pa kukaa mbele ya nyumba, na pia ni mkutano wa watu wanaoamua mambo. Pwani inajulikana hivyo, na huku kwetu wazee waliishi hivyo.

Sasa tazama ghorofa mpya. Mlango wa kioo umefika ukingoni kabisa mwa barabara. Ndani ni joto, mpaka uwashe feni, na umeme ukikatika unatoka nje. Mama wa karanga amesukumwa juani, na kutoka juani amesukumwa barabarani, kwenye magari ya Oraba na bodaboda. Kisha tunamlaumu kwamba anazuia njia. Je, ingegharimu nini kuisogeza ghorofa nyuma hatua tatu na kuipa baraza? Fundi wa kale alijua jambo ambalo mchoraji wa ghorofa anayenakili michoro ya miji mingine halijui.

Jibu la pili ni la usalama. Watasema majengo yale yamechoka, yatawaangukia watu. Yapo yaliyochoka kweli, na hayo yaondolewe. Lakini upya wa jengo peke yake haulindi mtu. Novemba 2024 ghorofa iliporomoka hukohuko Kariakoo, ikaua wafanyabiashara na wateja wao. Ujenzi wa haraka usiofuata taratibu unaua kuliko nyufa za duka la zamani.

Jibu la tatu ndilo zito: nani atalipa? Manispaa yetu ni changa, ina mitaro ya kuzibua na taka za kuzoa. Hatuwezi kuiambia ikarabati maduka ya watu. Nakubali. Kwa hiyo ninayoyapendekeza hapa ni mambo ambayo yanahitaji nia zaidi ya fedha.

Jambo la kwanza, jengo lolote la zamani lisibomolewe kabla halijapigwa picha pande zote nne na kupimwa. Leo kila kijana ana simu yenye kamera. Kazi hiyo ni ya nusu saa. Picha na vipimo vibaki manispaa, nakala moja kwa mwenyekiti wa LC wa mtaa. Ujenzi unahitaji kibali kwa mujibu wa sheria ya udhibiti wa majengo ya mwaka 2013, basi picha hizo ziwe sehemu ya maombi ya kibali.

Jambo la pili, na hili ni kwa ajili ya wenzangu waliorejea, kona za zamani zisiondoke bila mashahidi. Kabla ukuta haujaangushwa, waitwe majirani, wazee na LC. Ipigwe nguzo ya zege mahali kona ilipokuwa, na iandikwe karatasi wote waitie sahihi au dole gumba. Kama hilo lingefanyika mwezi uliopita, mjomba na jirani yake wangekuwa bado wanakula pamoja. Katiba ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1998 zinatambua umiliki wa kimila, na mtu anaweza kuomba cheti cha umiliki huo. Lakini kamati ya ardhi ikija kukagua, itataka kuonyeshwa mpaka. Kwetu sisi tuliokimbia, kaburi la babu, kisima, mwembe na kona ya duka ndizo hati tulizoachiwa. Anayeng'oa bila kuandika anachana hati ya mtu.

Jambo la tatu, manispaa itengeneze orodha. Isiwe ndefu. Hata mahali ishirini panatosha kuanzia: maduka machache yaliyobaki na baraza zake, msikiti, kanisa, shule, makaburi ya waliouawa, soko la kwanza lilipokuwa. Bunge limetunga sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu za kihistoria ya mwaka 2023, kuchukua nafasi ya ile ya 1967. Lakini Kampala haitakuja kutuorodheshea vitu ambavyo sisi wenyewe tunaviita takataka.

Jambo la nne, shule zetu ziwatume wanafunzi kwa wazee. Kila mwanafunzi aulize nyumba moja: nani aliijenga, kwa udongo wa wapi, paa lilitoka wapi, lilikuwa duka la nani, 1980 lilipata nini, aliyerudi wa kwanza alikuta nini. Walioondoka Koboko wakiwa watu wazima mwaka 1980, leo ambao ni hai wana miaka zaidi ya sitini. Kila mwaka tunawazika na ramani zao vichwani. Tujifunze kwa Baganda. Makaburi ya Kasubi yaliungua Machi 2010, jumba lote la nyasi likateketea. Yalijengwa upya kwa sababu walikuwapo watu waliojua namna ya kufunga matete na kuezeka, na palikuwa na picha na vipimo. Sisi tukiunguliwa leo tutamuuliza nani?

Jambo la tano ni kwa matajiri wetu. Wapo wafanyabiashara wa Koboko waliofanikiwa Juba, Kampala na ng'ambo. Nawaomba, mkijenga ghorofa, acheni kipande cha la zamani. Baraza iwe mlango wa kuingilia ghorofa yenu. Muandike ukutani: hapa palikuwa na duka, lilijengwa mwaka fulani, liliungua 1980, likajengwa tena. Mteja atakayesoma atakaa. Na kama mnaona haya ni ndoto, nendeni mkalitazame Boma la Kale la Dar es Salaam, jinsi ghorofa zilivyolizunguka wala zisilidhuru.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Sisi wa mpakani tumetawaliwa na wengi na kukimbizwa na wengi. Mara zote tulirudi kwa sababu palikuwa na alama ya kurudia. Waliobaki ukimbizini mpaka leo, na wapo Aru, Yei na kwingineko, siku watakapoamua kurudi watatafuta alama hizo. Tusiwafanye wageni kwao.

Nilirudi pale dukani siku ya tatu. Vijana walikuwa wamekwishafagia, na lori limeleta mchanga. Nilimkuta yuleyule aliyeniambia nisogee. Nikamsimulia habari za kona na hatua arobaini. Alinyamaza kidogo, kisha akaniita pembeni. Alikuwa na picha katika simu yake, aliyojipiga asubuhi ile ya kwanza akiwa juu ya paa, ya kumtumia mchumba wake. Nyuma yake, chini kushoto, kona ya baraza inaonekana, na mbele yake nguzo ya umeme ambayo bado ipo mahali pake.

Nimemwomba anitumie picha hiyo. Jumamosi hii mjomba, jirani yake na mwenyekiti wa LC watakutana pale na futi kamba, na wataanzia kwenye nguzo. Sijui watakubaliana au la. Lakini nusura yetu imekuwa picha ya kijana kwa mchumba wake, na mji wenye manispaa, maafisa na sheria haufai kutegemea bahati ya namna hiyo.